Chumvi ya Fundi Rejeta

Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na huku maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 94, si 100. Lori linalopanda Inyala na mzigo wa Tunduma hutegemea rejeta iliyobana mvuke ili maji yasichemke mapema. Tundu la ncha ya sindano latosha kuuachia mvuke huo. Hapo dereva humtafuta fundi wa lehemu.

Huyu ninayemtazama ana kibanda Mwanjelwa, na hupokea rejeta za shaba, zile za kizamani. Kwanza hukwangua penye ufa mpaka pang'are. Mimi ningeleta moto hapo hapo. Yeye anajua kuwa shaba haikai uchi: ikiguswa na hewa tu huvaa utando wa oksidi usioonekana kwa macho, na juu yake lehemu hubingirika kama umande kwenye jani la magimbi.

Dawa imo chupani. Alitumbukiza maganda ya zinki ya betri za redio ndani ya asidi ya haidrokloriki, akangoja mapovu yakome. Kilichobaki ni chumvi ya zinki iliyoyeyuka, yaani kloridi ya zinki. Huipaka kwa unyoya wa kuku. Moto ukipita, chumvi huula ule utando na kuizuia hewa isirudi. Lehemu iliyokuwa ikibingirika hutandaa ghafla, ikazama yenyewe ufani.

Dereva anashika funguo. "Mzee, si tayari?"

"Bado, mwanangu. Chumvi ni mgeni. Imemaliza kazi, sasa tuisindikize."

Anasugua kwa brashi na maji ya moto, anamwaga, anasugua tena. Kloridi ikibaki huendelea kula metali iliyoikalia. Hata dawa za rejeta zenye benzotriazoli, ambayo molekuli zake hujipanga juu ya shaba kama ngozi nyembamba mno, hushindwa pale kloridi inapopata mwanya. Tundu jipya huanzia hapo. Ndiyo maana humkataza dereva kujazia maji ya kisima yenye chumvichumvi.

Mara ya tatu maji yanatoka safi. Anaziba midomo ya rejeta, anaizamisha pipani, anaipulizia kwa pampu ya baiskeli. Tunainama wote watatu juu ya maji, kimya.

Hakuna povu.