Nani Mtenda? Uhakiki wa Lugha ya Kuendesha Roboti kwa Ishara za Ubongo

Sehemu hii inahakiki usemi "ubongo unaendesha roboti" katika kueleza kiolesura cha ubongo na kompyuta kisichohitaji upasuaji. Hoja ya msingi ni kwamba usemi huo unamwondoa mtu katika nafasi ya mtenda.

Tangu Hans Berger aliponasa mawimbi ya umeme ya ubongo wa binadamu mwaka 1924, kinachopimwa juu ya ngozi ya kichwa ni ishara dhaifu, wala si mawazo yenyewe. Mtu huvaa kofia yenye elektrodi na kuwaza kuusogeza mkono wake. Programu hujifunza kuzitambua ishara zake, naye hujifunza kuzitoa kwa uthabiti. Kwa njia hiyo, mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walionesha mkono wa roboti ukifuata mfululizo alama inayosogea kwenye skrini.

Suala la nani mtenda lina mfano wa karibu mjini Morogoro. Chini ya milima ya Uluguru, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Panya hukwaruza udongo anapobaini harufu, kisha hutuzwa chakula. Kinyume chake, mwaka 2002 watafiti wa New York walieleza jinsi walivyompandikizia panya elektrodi ubongoni na kumwelekeza kwa kompyuta.

Kwa umbo, "panya" na "roboti" zimo katika ngeli ya I-/ZI-. Hata hivyo, upatanisho wa uhai hutupa "panya ananusa" na "roboti inasogea". Ikumbukwe, lakini, kwamba kiambishi a- wanakipata panya wote wawili, ilhali ni yule wa Morogoro tu anayetoa taarifa yake mwenyewe. Hivyo basi, kiambishi pekee hakitoshi. Ni lazima sentensi ioneshe uamuzi ni wa nani.

Kwa msingi huo, inapendekezwa kuandika "mgonjwa anaendesha roboti kwa ishara za ubongo wake", na pale inapotokea hitilafu, "programu imezitafsiri vibaya ishara zake". Tofauti hii ina uzito. Mkono wa roboti ukimwaga uji, mgonjwa asiyeweza kusema hana namna ya kukanusha kwamba ndivyo alivyotaka. Ripoti inayosema "ubongo uliamuru" itakuwa imekwisha kumhukumu.