Tovuti ya Mchakato Hupimwa kwa Kilichoondolewa

Majuzi nimeona tovuti ya ndani ya mchakato wa kusanidi programu ikipigiwa makofi na kamati nzima. Rangi za taasisi zimo, salamu za mkurugenzi zimo, kila awamu ina mchoro unaong'aa. Hakuna aliyefungua ukurasa wa kazi hata mmoja akausoma mpaka mwisho. Mimi niliusoma, na hasira bado haijanitoka, kwa sababu kazi mbovu ikisifiwa hadharani ndiyo vijana wanayokwenda kuiga.

Tovuti za namna hii nyingi ni uzao wa Rational Unified Process (RUP), mchakato wa kampuni ya Rational, zikiri zisikiri. RUP ilikuja ikiwa tovuti kamili: wajibu zaidi ya 30, mazao ya kazi zaidi ya 100. Philippe Kruchten na wenzake walioiunda hawakukusudia mradi wowote uibebe yote. Waliweka humo hati mahususi ya kueleza mradi unachukua nini, unaacha nini, na kwa nini. Baada ya IBM kuinunua Rational mwaka 2003, sehemu ya mali hiyo ilipewa jumuiya ya Eclipse, tukapata Eclipse Process Framework Composer, programu ya kuhariri na kuchapisha tovuti za mchakato, na OpenUP, mchakato uliopunguzwa kwa mkono wa watu wanaojua kupunguza. Hadi leo sijaona shule bora ya kazi hii ya kupunguza kuliko kuisoma RUP na OpenUP zikiwa zimefunguliwa pamoja.

Ukitaka kuipima tovuti ya namna hii, kwanza omba kuonyeshwa maktaba ya maudhui inakotoka. Maudhui ya msingi yawe yamefungwa, na kila badiliko likae kwenye programu-jalizi yake, likichangia, likipanua au likichukua nafasi ya kilichopo. Aliyeandika juu ya msingi wenyewe ameharibu, na hapo sina mjadala.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wageni wa fani hulipita kila mara: sentensi iliyobaki baada ya kiungo kufa. Chukua kazi ya kupitia usanifu. Maelezo ya asili yanamwambia msanidi alinganishe kazi yake na Waraka wa Usanifu wa Programu. Timu ni ya watu sita, waraka huo umeondolewa kwenye usanidi, na umeondolewa kwa haki. Wakati wa kuchapisha, Composer inakupa kisanduku cha kugeuza viungo vilivyovunjika kuwa maandishi ya kawaida. Ukiweka tiki, rangi ya kiungo inatoweka na amri inabaki. Kikagua viungo hakioni kosa, na kamati haioni kosa. Anayeliona ni msanidi mpya, aliyeamriwa kulinganisha kazi yake na waraka ambao hakuna anayeuandika. Atawauliza wenzake, watatazamana, naye hataifungua tovuti hiyo tena. Fundi cherehani akipunguza nguo, mjuzi huigeuza ndani atazame mshono. Tovuti nayo igeuzwe hivyo. Chagua kitu ambacho timu hiyo haitengenezi, tafuta jina lake kwenye tovuti nzima, kisha usome kila sentensi inayojitokeza.

Nilifanya kazi chini ya mama mmoja aliyekuwa mkuu wetu wa mchakato. Alikuwa akiondoa tiki kwenye kisanduku hicho makusudi, anachapisha, anachukua orodha yote ya viungo vilivyovunjika na kuandika upya sentensi moja moja. Palipotajwa waraka ulioondolewa, aliweka kile ambacho timu inacho kweli: mchoro wa moduli uliomo kwenye hazina ya msimbo. “Usimtume mtu mahali ambapo hapapo,” alituambia. Kurasa zake hazikuwa na mapambo, na watu walizitumia.

Nimewaona matapeli pia. Mmoja aliuza tovuti ileile kwa taasisi ya pili akibadilisha nembo tu. Ukitafuta “idhini” ulikutana na kamati ya taasisi ya kwanza. Wengine huchukua awamu nne za RUP na kuzipachika maana ya modeli ya maporomoko (waterfall): uanzishaji uwe mahitaji, ufafanuzi uwe usanifu, ujenzi uwe kuandika msimbo, makabidhiano yawe majaribio. Kruchten, pamoja na Craig Larman na Kurt Bittner, waliandika makala nzima kuhusu njia za kushindwa ukitumia RUP, na hii ni mojawapo. Ufafanuzi usiotoa programu inayoendeshwa na kujaribiwa si ufafanuzi.

Mengine ni mafupi. Jina la kazi lianze na kitenzi. Wajibu usipewe jina la cheo cha mtu. Ukurasa wa kazi usizidi skrini moja na nusu. Mchoro wenye visanduku zaidi ya tisa ufutwe. Picha za watu wakipeana mikono ni dalili kwamba mwenye tovuti hakuwa na la kusema.

Zamani RUP ilifika kwenye CD. Mti wa kurasa ulikaa kushoto, mtandao ukikatika uliendelea kusoma, na toleo lilikuwa toleo: mtu alikuwa amelisoma lote kabla halijatoka. Leo mchakato umehamia kwenye wiki, kila mwenye akaunti anaongeza aya. Fungua historia ya ukurasa. Ukikuta nyongeza za miaka miwili bila ufutaji hata mmoja, tovuti hiyo haina mhariri.