Wembe, Mpunga na Mwanga

Mtafiti huanza na ala ya jani la mpunga, ile sehemu ya chini inayolikumbatia shina. Hukata kipande, akamimina kwenye uwazi wake maji yenye spora za Magnaporthe oryzae, kuvu inayoleta ugonjwa wa blasti. Kisha hukilaza mahali penye unyevu, mshipa wa kati ukiwa chini, ili spora zitue juu ya seli angavu zisizo na klorofili. Baada ya siku moja na ushei hushika wembe na kuanza kupunguza: pembeni kwanza, halafu mgongo wa mshipa, mpaka zibaki tabaka chache zinazopitisha mwanga. Mkono ukizidisha kidogo, seli alizozingoja usiku kucha zimepasuka, na hadubini ya leza, kwa ughali wake wote, haina la kumsaidia.

Kuvu yenyewe ilishatiwa alama: jeni ya protini ing'aayo kijani, asili yake yavuyavu wa Pasifiki, Aequorea victoria. Osamu Shimomura aliitenga protini hiyo mwaka 1962. Mwaka 2008 akawa miongoni mwa watatu waliopewa Nobeli kwa ajili yake. Siku hizi zipo za rangi nyingine pia.

Matata ni kwamba jani nalo hung'aa. Klorofili hutoa wekundu, na seli inayojihami hutoa mng'ao unaomlaghai mgeni akashangilia bure. Fundi makini huliambukiza jani jingine kwa kuvu isiyo na alama, akalipiga picha kwa mipangilio ile ile. Picha hiyo ya giza haitapamba jalada la jarida lolote, lakini mimi ndiyo ninayoiomba kwanza.

Ujanja ninaoupenda zaidi ulichapishwa mwaka 2010 na kundi la Barbara Valent, Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, Marekani. Walitaka kujua kama protini za kuvu huingia kwenye seli za mpunga. Shida ni kwamba zikishaingia hutawanyika, na mng'ao wake hupotea kama chumvi ndani ya pipa la maji. Basi wakaziunganisha na protini nyekundu, wakazipachika na kipande kinachozielekeza kwenye kiini cha seli. Kiini ni kidogo. Zikajazana humo, zikaonekana. Viini vya seli zilizovamiwa viliwaka, na vya baadhi ya seli jirani pia, ambazo kuvu ilikuwa bado haijaziingia.