Hukwe Zawose na Nyimbo za Kilosa: Tafakuri kuhusu Uhuishaji wa Muziki wa Kale

Wahakiki wa utendaji wa muziki wa kale wamezoea kumchukua Arnold Dolmetsch (1858–1940) kuwa kielelezo: fundi aliyeunda upya ala zilizosahauliwa Ulaya na, mwaka 1915, akachapisha kitabu kuhusu namna ya kuupiga muziki wa karne ya 17 na ya 18. Dolmetsch alikuwa na maandishi bila mwalimu aliye hai. Hukwe Zawose wa Nzali, Dodoma, alikuwa na walimu bila maandishi. Hakufufua kilichokufa, alikichukua kilichokuwa hai Ugogoni akakipa jukwaa, kwanza Dar es Salaam, alikoitwa na Mwalimu Nyerere, kisha Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981 na ambako alifariki Desemba 2003.

Sifa anayopewa kwa kawaida, kwamba "alihifadhi" mapokeo, inampunja. Ilimba aliikuza, na zeze akaliongezea nyuzi. Katika albamu ya Chibite (1996) ukale na ubunifu wake havitenganishiki, na hapo ndipo ukubwa wake ulipo. Assembly (2002), aliyoirekodi na Michael Brook, haifikii kiwango hicho: mitambo inaibana ilimba, na fanani anageuka mgeni katika wimbo wake mwenyewe.

Kilosa, jirani na Ugogo upande wa mashariki, inadai swali gumu zaidi. Nyimbo na vitendawili vya jando na unyago vya Wakaguru vimo vitabuni kwa sababu T. O. Beidelman, aliyeanza utafiti wake huko miaka ya 1950, aliviandika na kuvifasiri kwa kina, hasa katika kitabu chake cha mwaka 1997. Kitabu huhifadhi maneno, hakiimbi. Kijana wa Kilosa au Mikumi anayetaka kuzitenda nyimbo hizo leo kwa kutegemea kitabu yuko karibu na Dolmetsch kuliko na Zawose, ingawa pengine bibi yake anazijua.

Lakini njia ya Zawose haifai kufuatwa kibubusa. Ilimba hubebeka, na hadhira ya ugenini huweza kuifurahia bila kujua Kigogo. Wimbo wa jando haubebeki vivyo hivyo. Sehemu ya maana yake ni nani anayeruhusiwa kuusikia na lini; fumbo lililokusudiwa kufumbuliwa na mwali mbele ya walezi wake huwa maneno ya ajabuajabu tu mbele ya watalii waliotoka kutazama tembo hifadhini Mikumi. Nadharia za utendaji zinazoihesabu hadhira kuwa sehemu ya matini zinalijua hili. Miradi ya kurekodi ngoma hulisahau mara nyingi, ikitanguliza vinasa sauti. Mtafiti wa Kilosa atangulize makungwi, na awaulize ni nyimbo zipi ambazo wao wenyewe wako radhi zitoke.