Nanga ya Jangwani

Nimekulia Pangani, na nanga niliyoijua ni ya chuma, ile inayotupwa jahazi likitaka kutulia. Sikutazamia kuikuta Utah, Marekani, katika nchi ya majabali mekundu ambako mvua ni ya kuhesabu. Lakini wapanda miamba nao huiita nanga, na kazi ni ileile: kushikilia.

Tulikuwa wanane, wikiendi ya Oktoba, kwenye makorongo ya North Wash, kusini mwa mji mdogo wa Hanksville. Maji ndiyo yaliyoyachonga, yakipasua jiwe ambalo zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita lilikuwa vilima vya mchanga wa jangwa. Pengine kuta hukaribiana hadi unapita ubavu-ubavu, na mbingu inabaki mstari tu.

Kiongozi wetu alikuwa mama wa makamo, mwembamba, viganja vimepasuka kwa mchanga. Tulipofika kwenye genge la kwanza hapakuwa na mti wala chuma ukutani. Palikuwa na jiwe moja lililokwama kati ya kuta mbili. Alilisukuma kwa mguu upande huu, akalisukuma upande ule, akaligonga na kutega sikio. Ndipo akalizungushia utepe wa nailoni na kulifunga fundo taratibu, ncha moja ikifuata njia ya mwenzake hatua kwa hatua, mikia ikibaki mirefu. Pete ya kupitishia kamba aliishusha hadi nje ya ukingo, kwa sababu kamba yenye mchanga ikivutwa hulikata jiwe kama msumeno na kuacha mifereji isiyofutika.

Kisha akaketi nyuma ya jiwe, miguu ameikita ukutani, kamba ya akiba imefungwa kiunoni mwake, imelegea kidogo. Nanga ikishindwa, yeye ndiye atakayebeba.

Aliyetangulia kushuka alikuwa mzito kuliko wote. Nilishangaa, hadi nikaelewa: nanga hujaribiwa kwa mzigo mkubwa ingali na msaidizi. Sisi tuliobaki hatukumtazama mshukaji, tulilitazama jiwe. Limesogea? Utepe umeteleza? Kamba hukatikia pabovu, na hapo pabovu panatafutwa mapema, kwa macho mengi. Tuliposhuka sote saba na kitu hakijatikisika, mama yule akaifungua kamba ya akiba, akashuka wa mwisho kwa nanga tupu. Sijaona ufundi wa mikono ulionigusa kama huo. Aliyeifunga ndiye aliyeitegemea bila msaada wa mtu.

Chini tukavuta kamba. Ikishavutwa, njia ya kurudi juu haipo.

Jimbo hilohilo la Utah lina korongo la Bluejohn Canyon, alikoingia Aron Ralston peke yake mwezi wa Aprili 2003 bila kumwambia mtu anakokwenda. Jiwe likambana mkono, akakaa siku karibu tano, mwisho akaukata mwenyewe ili aokoke. Namheshimu kwa ujasiri wake. Ila tangu safari yetu ile kila ninapoona watu wanane wamezunguka fundo moja, naona utajiri.

Lipo jambo ambalo nanga hailiwezi. Tarehe 12 Agosti 1997, watalii 11 walifariki katika Lower Antelope Canyon, Arizona, kwa mafuriko ya mvua iliyonyesha mbali na pale walipokuwa. Kwa hiyo kiongozi wetu kila asubuhi aliuliza habari za milima kabla ya habari za korongo. Jumapili mawingu yalipojikusanya juu ya Henry Mountains, alizikunja kamba na kuturudisha kwenye gari. Hakuna aliyenung'unika.

Utepe wetu ungali pale juu. Ni wa rangi ya mchanga, usichukize macho ya atakayefuata. Naye akifika ataukagua upya, fundo hadi fundo, kabla ya kuukabidhi uzito wake.