Arobaini, na Nani Anayeambiwa Hesabu

Kuna namba moja ambayo hapa kambini hakuna asiyeijua. Mzazi anakaa ndani siku arobaini. Marehemu anasomewa dua ya arobaini. Wakatoliki wakiingia Kwaresima wanasema ni siku arobaini. Na yule anayetuibia kuku usiku tunamwambia siku zake ni arobaini. Ndiyo maana kila tukikaa kuzungumza vitabu, lazima atokee mtu aseme: arobaini ni namba ya Mungu, hata sayansi imekubali, si mimba ni wiki arobaini?

Mimi sipingi imani ya mtu. Nataka tu tuisome namba hii kama tunavyosoma hadithi: imewekwa pale ifanye kazi gani, na inamfanyia nani kazi hiyo?

Tuanze na hesabu yenyewe, maana hailingani. Toka Jumatano ya Majivu mpaka Jumamosi Kuu ni siku 46. Zinakuwa arobaini kwa sababu Jumapili sita hazihesabiwi. Madrasani watoto wanasoma kitabu kidogo cha Imamu Nawawi, mwanachuoni wa karne ya 13, kinachoitwa Arobaini. Hesabu hadithi za Mtume zilizomo: ni 42. Na mimba? Wiki 40, yaani siku 280, zinahesabiwa toka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, wakati mimba yenyewe bado haijatunga. Ukihesabu toka ilipotunga ni kama siku 266, wiki 38. Tena wiki ni mpango wa watu. Hesabu kwa miezi uone kama arobaini utaikuta.

Kwa hiyo namba hii haikuanguka toka mbinguni ikatua kila mahali sawasawa. Watu wamekuwa wakiivuta. Wanatoa Jumapili, wanavumilia hadithi mbili za ziada, wanachagua wiki badala ya miezi, ili mwisho wake waseme arobaini. Swali langu ni kwa nini wanaitaka hivyo.

Lugha yetu inatoa dalili. Kiswahili kina arobaini mara tatu, na wengi hatujaona. Neno arobaini lenyewe ni la Kiarabu. Kwaresima limetoka kwenye neno la Kilatini la "ya arobaini". Karantini limetoka kwa Waitaliano, kwenye neno lao la arobaini, kwa sababu meli zilizotoka penye tauni zilikuwa zinazuiwa siku arobaini kabla watu kushuka. Yaani karantini na Kwaresima ni ndugu wa tumbo moja. Na yote matatu, tunavyoyatumia, yanahusu kusubiri. Arobaini ni jina la subira yenye mwisho. Ni siku nyingi kiasi cha kumuumiza mtu, lakini hazizidi uwezo wake wa kuzihesabu.

Sasa tufungue vitabu. Musa anapanda mlimani. Katika Kutoka, sura ya 24, anawaambia wazee wamngoje mpaka atakaporudi. Tarehe hawapi. Mistari michache mbele msimulizi anatujulisha sisi wasomaji kwamba Musa alikaa huko siku arobaini, mchana na usiku. Sisi tunajua. Wale waliopiga kambi chini ya mlima hawajui. Tukifika sura ya 32 wameona anakawia, wanamwendea Haruni, na ndama wa dhahabu anatengenezwa.

Wahubiri wengi wanawasema wale watu kwa kukosa imani. Sawa, dhambi ni dhambi. Lakini mkosoaji lazima aangalie nani kapewa habari gani. Namba arobaini iko kwenye simulizi, iko kwa msomaji, iko kwa mwenye mlima. Mtu wa kambini ana neno moja tu: ngojeni. Kurani nayo, katika sura ya Al-Aaraf, inaeleza miadi ya Musa kwa namna ya pekee: usiku thelathini, ukatimizwa kwa kumi, ndipo ikawa arobaini. Mtu aliyekaa kwenye foleni anaujua uzito wa kumi zinazoongezwa.

Linganisha na Yona, au Yunus kama anavyoitwa kwenye Kurani. Katika kitabu chake cha Biblia anaingia Ninawi na kutangaza hadharani kwamba zimebaki siku arobaini mji uangamizwe. Ni habari mbaya kuliko ya Musa. Lakini wameambiwa namba, kuanzia mfalme mpaka mchunga ng'ombe. Wanafanya nini? Wanafunga, wanavaa magunia, wanaacha uovu, na mji unapona. Namba ni ileile, lakini huku watu wanaisikia wenyewe, na wanapata la kufanya.

Msinielewe vibaya, kuambiwa namba si lazima iwe neema. Katika kitabu cha Hesabu Waisraeli wanaambiwa miaka arobaini jangwani, mwaka mmoja kwa kila siku ya wapelelezi, na maana yake ni kwamba watu wazima karibu wote watafia njiani. Hiyo ni hukumu. Ila hata hukumu ile ilimfanya mzazi ajue cha kumfundisha mtoto, kwa sababu ni mtoto atakayevuka.

Tutoke kwenye vitabu vitakatifu, twende bandarini. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo unaitwa Dubrovnik, uliamuru watu wanaotoka sehemu zenye tauni wakae pembeni siku 30. Baadaye bandari zikaongeza mpaka 40. Namba hiyo haikupimwa maabara, maabara zenyewe hazikuwapo. Leo tunajua tauni kwa kawaida inajionyesha ndani ya wiki moja hivi, kwa hiyo siku zilizidi sana. Hata hivyo baharia alijua siku ya kushuka, na mfanyabiashara alijua lini mzigo wake utatoka.

Sisi tuliotoka ng'ambo ya ziwa hatuhitaji kwenda Ragusa kulielewa hili. Ebola inajificha mwilini siku zisizozidi 21. Mlipuko hautangazwi kuisha mpaka zipite siku 42, yaani 21 mara mbili, bila mgonjwa mpya. Namba hii imekaa jirani kabisa na arobaini, lakini undugu nayo haina: imetoka kwenye tabia ya kirusi. Aprili 2020, kule Kivu Kaskazini, hesabu ilikuwa imebakiza siku mbili kukamilika. Tarehe 10 mgonjwa mpya akathibitishwa Beni. Hesabu ikarudi mwanzo. Mlipuko ule ulitangazwa kuisha tarehe 25 Juni.

Iliuma, ndiyo. Lakini tazama jinsi ilivyouma. Watu walijua namba ni 42, walijua inaanzia wapi, na walijua ni kitu gani kinaweza kuirudisha sifuri. Hakuna aliyeambiwa "subirini kwanza" akaachwa hapo.

Namba inaweza pia kuficha. Tuchukue arobaini ya mzazi. Bibi anasema asitoke, asibebe maji, apikiwe uji. Kliniki nayo ina yake: wiki sita, siku 42. Ukiwasikiliza haraka utadhani wanasema jambo moja. Lakini bibi anasema siku arobaini za kukaa ndani, na muuguzi anasema ndani ya siku hizohizo mama aonwe mara kadhaa, hasa mwanzoni, kwa sababu vifo vya wazazi baada ya kujifungua vinatokea zaidi siku za kwanza. Mila inamwokoa mama na ndoo ya maji. Haimwokoi na damu inayotoka bila kukoma usiku wa kwanza. Anayesema "sayansi imethibitisha arobaini yetu" anaunganisha namba mbili na kuruka swali lenyewe: ndani ya siku hizo kinafanyika nini?

Na mwizi je? "Siku za mwizi ni arobaini" ni methali tamu, lakini tuisome vizuri. Anayeitamka mara nyingi ni aliyeibiwa. Mwizi hana kalenda. Wezi wengine wamezeeka na mali zetu, wengine wana vyeo. Methali inampa aliyeibiwa kitu ambacho dunia haijampa: mwisho wa jambo. Sioni ubaya. Tatizo ni pale tunapoiandika mwishoni mwa kila shairi kuhusu waliotufukuza makwetu, kana kwamba kuitaja inatosha. Waandishi wenzangu, hapo arobaini inakuwa mto wa kulalia. Msomaji anafarijika, anafunga ukurasa, na aliyeiba shamba bado analima.

Nimefika nilipokuwa nataka kufika. Nyarugusu ipo toka 1996. Mashirika yana jina la hali yetu: ukimbizi wa muda mrefu. Kwa kipimo cha UNHCR ni wakimbizi 25,000 au zaidi wa taifa moja walioishi nje ya nchi yao miaka mitano au zaidi. Msome maneno hayo kama mnavyosoma ubeti. Yana "zaidi" mara mbili. Mwanzo yanao, mwisho hayana. Ni kipimo cha watu walio chini ya mlima.

Ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika na mnasoma jarida letu, najua mara nyingi hata ninyi tarehe hamna. Siwaombi mzue namba. Namba ya uongo ni mbaya kuliko kimya, maana siku ya arobaini na moja watu watakuja. Naomba mfano wa Beni: mtu akimaliza mahojiano, aambiwe hesabu inaanzia wapi, hatua inayofuata ni ipi, na nini kinaweza kuirudisha nyuma. Mgao ukipunguzwa, tuambiwe utaangaliwa tena lini, hata kama jibu la siku hiyo litakuwa bado.

Na sisi tunaosubiri, tumsome Nuhu mpaka mwisho. Tumezoea kuishia kwenye mvua ya siku arobaini. Hiyo aliambiwa kabla. Hakuambiwa maji yatakaa muda gani, na kwa hesabu ya Mwanzo alikaa safinani zaidi ya mwaka. Alichofanya ni kufungua dirisha. Alimtoa kunguru, kisha njiwa. Njiwa aliporudi bila kitu, alingoja siku saba akamtuma tena, na safari hiyo akarudi na jani la mzeituni mdomoni. Kwenye mikutano ya kijiji na sisi tutume njiwa wetu: tuulize swali lilelile, tuandike tarehe tuliyouliza, na baada ya siku saba turudi kuuliza tena.