Tarumbeta Bila Kizibo

Tarehe 12 Februari 1964, mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis alipanda jukwaa la Philharmonic Hall, New York, na wanamuziki wanne, baadhi yao wamenuna. Onyesho lilikuwa la kuchangia kazi ya kuwaandikisha Wamarekani Weusi kupiga kura huko Mississippi na Louisiana, na bendi ilikuwa imeambiwa itapiga bila malipo. Wengine hawakupendezwa. Miles alisimulia baadaye kwamba hasira ile ndiyo iliyoupa muziki moto.

Ajabu ni kwamba moto huo hausikiki kama kelele. Albamu ya My Funny Valentine, iliyotoka 1965, ilikusanya nyimbo za taratibu za usiku ule; za kasi zilitengewa albamu nyingine, Four & More. Wimbo uliobeba jina la albamu Miles alikwisha kuurekodi studioni mwaka 1956, mdomo wa tarumbeta ukiwa umezibwa kwa kizibo cha chuma, sauti ikatoka kama mnong'ono, na dakika sita zikautosha. Jukwaani kizibo kimeachwa pembeni. Herbie Hancock anatangulia kwenye piano, tarumbeta inaingia bila haraka, na wimbo unakwenda karibu robo saa.

Kuacha kizibo ni kujianika. Tarumbeta ya jazi ina vali tatu tu, na vidole vikibonyeza palepale, noti kadhaa zinaweza kutoka. Inayochagua ni midomo, ikisaidiwa na pumzi. Midomo ikichoka sauti inapasuka, na mbele ya ukumbi uliojaa hakuna wa kusema "turudie". Nyuma ya Miles yuko mpiga ngoma Tony Williams, kijana wa miaka 18, ambaye hata akinyamaza humtia mpulizaji presha.

Halafu, katika albamu hiyohiyo, kuna wimbo wa Stella by Starlight. Tarumbeta inapanda, inalia, inaachia kifungu hewani, na mtu mmoja kwenye viti anashindwa kujizuia: anapiga ukelele. Si makofi ya adabu. Ni sauti ya mtu aliyeguswa pabaya. Studioni ingehesabiwa kuwa uharibifu. Hapa imo ndani ya muziki, na mwenye sikio huingoja kila anapoirudia santuri.

Kwa hiyo asiyewahi kuisikia albamu hii aanze na Stella, usiku, simu ikiwa chumba kingine.